Nyumba Kumi Zisizopika Ugali

Mume wangu Anatory alikuwa balozi wa nyumba kumi, na ukimsikiliza yeye, hakukuwa na nyumba kumi nyingine kama zile kuanzia Kamachumu mpaka ziwani. Mwaka ule wa njaa serikali ilipoleta unga wa mahindi ya njano, ule ambao watu waliubatiza yanga kwa rangi yake, mabalozi wote waliitwa mkutanoni waseme nani ana shida. Wenzake walisimama wakataja wajane, wakataja wazee, wakataja wenye watoto wengi. Anatory akasimama akasema nyumba zake kumi zinakula ebitoke, ndizi za kupikwa, zimekula ebitoke tangu enzi za babu zao, na huo unga upelekwe kwa watu wanaokula ugali. Alipigiwa makofi. Alirudi nyumbani kifua mbele, akanisimulia mara mbili, na mara ya pili makofi yalikuwa yameongezeka.

Nilimpakulia ndizi nikanyamaza. Mimi nina ulimi, kila mtu Kamachumu anajua, lakini mtu aliyetoka kupigiwa makofi humwelezi kitu akakisikia.

Ukweli ni kwamba migomba ilikuwa imechoka. Wadudu walikuwa wameingia mizizini, mvua imekata, na mkungu uliokuwa unalisha nyumba siku nyingi sasa mtoto angeweza kuubeba kwa mkono mmoja. Mwanamume haoni mambo hayo kwa sababu yeye anaona sahani yake. Aliyekuwa anayaona ni mimi, niliyekuwa nakwenda kibanjani, shambani kwetu kwenye migomba, kila asubuhi na kurudi na kidogo kuliko jana.

Nilikuwa na binamu aliyehamia kijiji kipya upande wa Kimwani, na huko yanga ilianza kugawiwa hata kabla ya mkutano ule, mchana kweupe bila mtu kuona haya. Nilimpelekea kahawa kavu na kanga yangu nzuri, naye akanijazia mfuko. Niliuleta ndani ya kapu, nimeufunika kwa majani ya mgomba, nikausukumia chini ya kitanda cha watoto. Tangu siku hiyo nyumba yangu ilikuwa na mapishi mawili kwenye jiko moja. Mchana, Anatory akiwa kwenye mikutano yake, nilifunga mlango nikasonga ugali, tukala mimi na watoto. Jioni nilimpikia yeye ndizi. Watoto niliwaapisha kwa Bikira Maria wasiseme, na kwa kuwa walikuwa wanashiba, waliapa vizuri.

Sasa nimlete mama yangu, maana bila yeye pasingekuwa na hadithi.

Mama, Ma Georgina, alikuwa amelazwa hospitali Bukoba kwa ugonjwa wa tumbo uliomla mpaka akabaki mifupa na maneno. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyekuwa hai. Baba alizikwa kwetu Kagoma, katikati ya kibanja chao, na mama alikuwa ameshachagua nafasi yake ubavuni kwake na kumkataza kila mtu kulima pale. Tangu nikiwa msichana alikuwa akiniambia neno moja: popote nitakapoangukia, niokote unirudishe Kagoma. Na siku zile mtu akifia mjini na ndugu zake hawana usafiri, alizikwa huko huko mjini na watu wasiojua hata jina la baba yake.

Jumanne asubuhi basi la kutoka Bukoba lilisimama mbele ya nyumba yetu, na Burhani, utingo wake, akashuka. Burhani hushuka anacheka. Siku hiyo hakucheka.

"Ma Theopista, nimetumwa na sista wa wodini," akasema. "Daktari anasema kazi yake imefika mwisho. Mama achukuliwe akapumzike nyumbani. Na anasema msikawie."

"Na yeye mwenyewe amesema nini?" nikamuuliza, kwa sababu namjua aliyenizaa.

Burhani akakuna kichwa. "Amesema kesho msipofika, ataanza kutembea."

Nililia pale pale barabarani. Nilipomaliza kulia nikafunga kanga kiunoni nikaenda kutafuta gari.

Basi halikuchukua mgonjwa wa kulala. Gari la misheni lilikuwa limekaa bila mafuta. Lori la ushirika lilikuwa safarini na kahawa. Jioni ilipokaribia nilikuwa nimebaki na gari moja tu, nalo lilikuwa nyumbani kwangu: pikapu ya marehemu baba mkwe, mzee Rutashobya, aliyoinunua kwa kahawa yake Uhuru ulipokuwa unakaribia. Ilikuwa imelala bandani tangu Pasaka kwa sababu ya klachi. Petroli ilikuwamo kwenye dumu. Klachi mpya ilikuwamo kabatini pamoja na beringi yake ndogo, Anatory amezifunga kwenye karatasi, akingojea fundi wa hadhi ya gari la baba yake.

"Fundi wa hadhi," nikamwambia, "ni yule atakayelala chini ya gari hili leo."

Hakubisha. Kwa mama yangu Anatory hakuwahi kubisha, na hilo nalisema kwa haki yake. Alikwenda mwenyewe kumwita Ildefons.

Ildefons alikuwa amefanya kazi gereji moja ya Bukoba mpaka mwenye gereji alipoifunga akaondoka nchini, naye akarudi kwao na mfuko wa spana na gunia la hadithi. Alikuwa mtu wa kujisifu. Kwa maneno yake, hakuna gari lililowahi kupanda kutoka ziwani bila yeye kulishika. Lakini mikono yake ilikwenda haraka kuliko mdomo, na jua lilipokuwa linazama giaboksi ilikuwa imeshuka chini, na klachi ya zamani imekaa kwenye majani, nyeusi, imekwisha kabisa.

Asubuhi ya Jumatano niliamka na kufunga mzigo: godoro, blanketi mbili, chupa ya uji. Nilijua saa nne tutakuwa njiani. Nilipotoka nje nikamkuta Ildefons amekaa chini amenyoosha miguu, anatazama ndani ya injini, wala hasemi. Ildefons kukaa kimya ilikuwa habari mbaya.

"Kila kitu kimekubali, Mama Klaudia," akasema, "isipokuwa haka kamoja."

Akanivuta nione. Mwishoni mwa injini kuna gurudumu zito la chuma, flaiwili, na katikati yake kuna tundu. Ndani ya tundu hilo kunakaa beringi ndogo, kipete cha shaba tu, na kazi yake ni kushika ncha ya shafti ya giaboksi isitikisike. Kipete hicho kilikuwa kimeungua na kushikamana na tundu, kama pete kwenye kidole kilichovimba. Kisipotoka, kipya hakiingii. Kipya kisipoingia, klachi haiachii, gia haziingii, na mama yangu anabaki Bukoba.

"Kipige patasi," akasema Anatory.

"Nimepiga. Nikizidi nitapasua tundu lenyewe, halafu gari hili mtafugia kuku." Ildefons akachukua chuma kilichonyooka, boliti ndefu ya lori aliyoikata kichwa, akakiingiza kwenye tundu la kipete. "Tazama, Ta Anatory. Nyuma ya kipete kuna uwazi. Unajaza grisi ule uwazi, unaweka chuma, unagonga. Grisi haina pa kukimbilia, basi inakisukuma kipete kutoka nyuma, kinakuja chenyewe. Ndivyo inavyofanywa."

"Basi fanya."

"Nimefanya tangu alfajiri. Grisi niliyonayo ni hii niliyoikomba kwenye magurudumu, imekuwa uji. Na chuma changu kinacheza kidogo kwenye tundu. Nikigonga, grisi inapita pembeni, inanirudia usoni."

Grisi nyingine haikuwepo. Mwaka ule madukani hakukuwa na grisi, wala sabuni ya mche, wala kitu chochote cha kuteleza. Ildefons alisema anataka kitu kama grisi lakini kizito zaidi, laini, kisicho na mchanga, kitu kitakachokaa nyuma ya kipete kikatae kupita pembeni.

Anatory hakufikiri hata kidogo. "Ndizi," akasema.

Mtu wa kwingine asingefika hapo, lakini sisi kila swali la dunia tunalijibu kwa ndizi kwanza. Nikachukua zile nilizokuwa nimemwekea za jioni, nikazipika, nikaziponda kwa mwiko zikawa laini. Ildefons alizishindilia tunduni kwa kidole, akaweka chuma, akainua nyundo. Alipogonga, ndizi ilitoka pembeni kwa nguvu ikampata Anatory kifuani, kwenye shati jeupe la mikutano, sawasawa kwenye beji ya chama. Kipete hakikusogea.

Akagonga tena. Ikampata yeye mwenyewe jichoni.

"Umezipika sana," Anatory akaniambia, huku anajipangusa. "Zimelegea."

"Baba Klaudia, usinitafute leo," nikamjibu. "Mama yangu anakufa na wewe unanifundisha kupika ndizi."

Akaziomba tena, safari hii zisiive sana. Nikapika tena. Zile zikatoka na mabonge, lakini bonge likibanwa linavunjika na kupita pembeni kama zilivyopita za kwanza. Saa nne ilikuwa imepita. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika, maana sauti ya nyundo na ya Ildefons hazikuwa ndogo. Ma Ephrasia wa nyumba ya pili alikuja na kiti chake kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kwa sauti kuliko wote kwamba mtu anayekula yanga atakunya njano mpaka Krismasi.

Ildefons alitoka chini ya gari, akajifuta jicho, akasema maneno ambayo nilikuwa nimeshayaona yanakuja tangu ndizi ya kwanza.

"Mimi niwaambie kweli. Ndizi ni chakula, hilo sikatai. Lakini kinachotakiwa hapa ni ugali. Ugali mgumu, uliosongwa mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Tulifanya hivyo Bukoba kwa gari la mtu wa Mwanza. Bonge tu, nyundo tatu nne, kikatoka."

Anatory alisimama wima kama aliyekuwa mkutanoni.

"Ugali huku hakuna, Fundi."

"Tafuteni."

"Nimekwambia hakuna. Nimesema mbele ya katibu tarafa. Katika nyumba kumi hizi huwezi kupata ugali."

Ildefons akawageukia majirani. Kila mmoja alikuwa na kitu cha kutazama: huyu kucha zake, yule paa la banda. "Ugali?" akasema Ma Ephrasia. "Sisi tuutoe wapi, waitu?" Na wengine wakaitikia, ugali, sisi, hata mwiko wake hatuujui. Niliwatazama nyuso. Nilikuwa najua nyumba moja tu inayopika ugali, yangu, na nilikuwa najionea haya peke yangu.

Anatory akaamua kwamba Clavery, mdogo wake, apande baiskeli aende Kimwani akaombe unga. Kimwani kwa baiskeli, na milima ile, ni kwenda leo na kurudi kesho. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyetatua jambo. Clavery akaanza kutafuta pampu.

Nikamwona mama yangu. Nilimwona kabisa, ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali, anatafuta viatu kwa mguu, anamwambia sista asogee. Alikuwa amesema kesho, na kesho ndiyo ilikuwa hiyo. Nikajiuliza naogopa nini. Naogopa Anatory atachekwa. Basi na achekwe. Watu wakicheka hatakufa, na mama yangu alikuwa hana siku ya kunisubiri mimi nilinde heshima ya mtu.

Niliingia ndani, nikabandika maji, nikavuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Sikufunga mlango. Nilisonga nikiwa nimesimama, kwa mikono miwili, nikaukandamiza mpaka mabega yakauma, na harufu ikatoka nje taratibu ikawafikia. Nilisikia mazungumzo yanakatika. Nikachukua sufuria na mwiko nikatoka navyo juani.

Ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni mpaka bandani, na kila jicho lilikuwa kwangu. Ugali ulikuwa wa njano, njano kabisa, huwezi kuusingizia kitu kingine. Nilipita mbele ya mume wangu bila kumtazama, kwa sababu ningemtazama ningeanza kujieleza. Nikauweka chini ya pikapu.

"Fundi, huu umesimama?"

Ildefons akausukuma kwa kidole gumba. "Huu unashika tofali."

Akakata bonge, akalishindilia nyuma ya kipete, akaongeza lingine mpaka uwazi ukajaa. Akaweka chuma. Akagonga mara moja, na chuma kikazama lakini hakuna kilichotoka pembeni. Akakichomoa, akajaza, akagonga. Safari hii mlio ulibadilika. Akachungulia, akaniita nami nichungulie: ukingo wa kipete ulikuwa umechungulia nje kidogo, upana wa ukucha.

"Kinakuja," akasema. "Lete zaidi."

Kwa sababu kila kipete kiliposogea uwazi nyuma yake ulikua, na kila ulipokua ulitaka ugali mwingine. Alijaza na kugonga, akajaza na kugonga, mpaka akakwangua sufuria. Kipete kilikuwa nusu nje, nusu ndani, na hapo kikagoma.

"Mwingine, Mama Klaudia."

"Hakuna. Huo ulikuwa mwisho wa mfuko."

Ildefons akalala chali chini ya gari, akafumba macho. Mimi nilibaki nimechuchumaa na sufuria tupu, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Nilijiona nimeaibisha mume wangu kwa nusu ya beringi.

Kisha kiti kikalia. Ma Ephrasia alikuwa ameinuka. Akatoka bandani bila kuaga, akaenda kwake kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu jikoni, akarudi na sufuria chini ya kanga. Akaitua mbele yangu, akafunua kona moja tu. Ilikuwa ya moto bado.

"Nilimpikia mbwa," akasema.

"Ma Ephrasia, wewe huna mbwa," akasema Ildefons kutoka chini ya gari.

"Basi lete nimrudishie."

Hakurudishiwa. Na alipokwisha kutua yeye, mke wa Karugendo naye akaondoka, na mwingine nyuma yake, na hapa na pale nikasikia milango ya jikoni. Sikuhesabu zilikuja sufuria ngapi. Zilikuja mpaka Ildefons akasema basi, mnanizika. Njano zote. Anatory alikuwa ameketi juu ya sanduku la spana, anazitazama zinavyopita mbele yake moja moja. Hakuinua kichwa kuona nani amebeba.

Kipete kilitoka kwa sauti ndogo sana, kama mtu aliyebusu hewa, kikaangukia kiganjani kwa Ildefons kimevaa ugali pande zote. Watu walipiga makofi. Ildefons akayapokea yote mwenyewe. Alisafisha tundu kwa mafuta ya taa na kitambaa mpaka likang'aa, akagonga kipete kipya kwa kipande cha ubao, kikaingia bila ubishi, na akaanza kurudisha klachi na giaboksi huku anasimulia kwamba hata yule mtu wa Mwanza alishangaa.

Nilikuwa jikoni naosha sufuria Anatory alipoingia. Jikoni kwangu alikuwa haingii. Alisimama karibu na mafiga, amevaa lile shati lenye ndizi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya mkutano wako."

"Na zile ndizi ninazokula jioni?"

"Za kibanjani."

"Zote?"

"Zote zilizopo."

Nje Ildefons aliangusha spana akaisonya. "Na wewe ulikuwa unakula nini?" akauliza Anatory.

"Nilikuwa nakula na watoto."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa, makali, ya miezi, na nilikuwa nasubiri tu apandishe sauti niyamwage. Hakupandisha. Alijishika kifua pale kwenye beji kama anayetaka kuivua, akaiacha. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na hajui ajibu nani. Nilimhurumia ghafla, nikakasirika kwamba namhurumia. Kisha akachukua sufuria iliyokuwa bado haijaoshwa, akabandua ukoko kwa kucha, akala amesimama. Akatafuna muda mrefu.

"Hauna ladha," akasema.

"Hauna. Ndiyo maana tunakula na maharage."

Akabandua kipande kingine, akala na hicho. "Nenda kavae," akaniambia. "Gari linakaribia."

Tuliondoka jua limeanza kushuka. Alipokanyaga klachi na kutia gia ya kwanza, gia iliingia kimya kabisa, na nikashusha pumzi niliyokuwa nimeishika tangu asubuhi. Njiani hatukuzungumza sana. Kila alipobadilisha gia niliutegea sikio mguu wake. Tulifika Bukoba kabla giza halijawa giza, na nilikimbia mpaka wodini nikiwa na viatu mkononi.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kama nilivyomwona. Viatu vilikuwa miguuni tayari.

"Mmechelewa," akasema.

"Gari liligoma, mama."

"Na nyinyi mkaligomea pia?" Kisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilitazama kama umefika.

Sista alitukataza kuondoka usiku. Alfajiri tulimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, nikakaa naye kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na Anatory akaendesha kama aliyebeba mayai. Mashimo yote ya barabara ile aliyazunguka. Mama aliuliza kila tulipopita kilima: hapa ni wapi? Nikimwambia, anafumba macho anapumzika, halafu anauliza tena. Nilikuwa nafahamu anachofanya. Alikuwa anajigawia nguvu, kilima kwa kilima, zimfikishe.

Zilimfikisha. Tuliingia Kagoma asubuhi, umande haujakauka, na majirani wakaja na kitanda mpaka kwenye njia nyembamba ya nyumbani kumpokea. Walitaka kumwingiza ndani. Akakataa. Akasema nyumba anaijua, wamlaze kibanjani. Tukatandika godoro kwenye majani makavu, Anatory akakaa nyuma yake ili amwegemee, na mama akaitazama migomba yake kwa muda.

"Kokuhirwa," akaniita. Yeye peke yake aliniita kwa jina hilo. "Hii migomba inatunzwa na nani?"

"Hakuna mtu, mama. Ulikuwa hospitali."

"Na wewe umekatika mikono?"

Nikasema hapana. Akaniambia nichukue muhoro, ule mundu wa kupogolea, uko pale pale ulipokuwa. Nilikuwa sijalala, sijala, nilikuwa nataka tu kukaa nimshike. Nikaenda nikauchukua.

"Lile jani kavu toa," akasema. "Na lile. Siyo hilo, hilo bado linafanya kazi. Chipukizi hilo la pembeni ondoa, linamnyonya mwenzake. Kata chini zaidi. Nani alikufundisha kuacha kisiki kirefu hivyo?"

"Wewe."

"Mimi sikukufundisha hivyo."

Nikakata chini zaidi. Nilikwenda shina kwa shina, jasho linanitoka, na mama nyuma yangu anaamuru, na nilipokosea alinirudisha. Majirani walikaa mbali kidogo wakinong'ona. Sauti yake ilikuwa inapungua, lakini haikuwa inanionea huruma hata kidogo. Aliniambia niende mstari mmoja, ule unaofika kwa baba, nisiruke shina, na nisiweke muhoro chini mpaka nifike kwake.

"Sawa, mama," nikasema.

"Endelea."

Nikaendelea. Nilitoa majani ya shina lililofuata, nikasubiri anikosoe, hakunikosoa. Nikadhani nimefanya vizuri. Nilipomaliza la pili nikageuka. Anatory alikuwa amemshika vilevile, kichwa cha mama kifuani kwake, na machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Aliniangalia, akafungua mdomo.

Nilimwashiria kwa mkono asiseme. Mashina yaliyobaki kufika kwa baba yalikuwa machache. Nikageukia lililofuata, nikakata jani kavu, nikakata na la chini yake, nikaondoa chipukizi, nikakata kisiki kikawa kifupi kama alivyotaka. Nikaenda hivyo hadi kaburini kwa baba. Ndipo nikaweka muhoro chini.